Kavindu, Mhesabu wa Mapigo

Katika ukoo wa marehemu mume wangu kuna daktari wa meno, mawakili wawili, mhandisi wa maji, na Kavindu.

Kavindu ni binti wa shemeji yangu Kiema, ambaye alifariki msichana akiwa bado chuoni. Tangu hapo mambo yake yote, mazuri na yale mengine, huletwa kwangu Spring Valley kama mizigo iliyokosa mwenyewe. Alisomea takwimu chuo kikuu. Tulimpeleka kwa harambee iliyofanyika bustanini kwangu, na watu wazima wenye suti walisimama mbele ya askofu wakatabiri kwamba msichana huyu atakuja kuhesabu watu wa taifa, au mahindi ya taifa, au angalau madeni ya taifa. Leo amevuka miaka thelathini, na kweli anahesabu. Anahesabu moja, mbili, tatu, nne. Akifika nne anarudi moja.

Nitaeleza, maana nami nilielezwa mara nyingi kabla ya kukubali kwamba mtu anaweza kulipwa kwa jambo hili. Kuna gemu za simu ambazo wimbo unapigwa huku viduara vikiteremka kwenye kioo, na mchezaji anatakiwa kukigusa kila kiduara pindi kinapofika kwenye mstari, sawasawa na pigo la wimbo. Ukigusa sawa, simu inakusifu. Ukiwahi au ukichelewa, inakwambia hivyo bila adabu yoyote. Nasikia kuna mamilioni ya watu wazima, wenye kazi na familia, wanaofurahia kukemewa namna hii. Lakini viduara havijipangi. Lazima kwanza mtu akae ausikilize wimbo, aukate katika vipimo, yaani vipande vya mapigo manne manne, aiambie kompyuta pigo la kwanza linaanguka wapi hasa na mwendo ni upi. Akikosea mwanzoni kwa unywele mmoja, wimbo mzima umepinda, kama ukuta wa fundi aliyepima akiwa amelewa. Mtu huyo ndiye Kavindu.

Kanisani walipokuwa wakiniuliza anafanya kazi gani, nilijibu, "Yuko kwenye teknolojia." Ni jibu zuri sana. Nairobi hii hakuna anayethubutu kuuliza swali la pili, asije akaonekana mshamba.

Ofisi yao iko mjini, ghorofa ya juu ya jumba moja karibu na River Road, juu ya wapiga chapa wa kadi za harusi na muuza mabomba ya choo. Lifti ipo, kama pambo. Mwenye ofisi anaitwa Joash, kijana mwenye ndevu zilizochongwa kama ua wa michongoma wa hoteli, ambaye hupokea kazi kutoka kwa wenye gemu walioko ng'ambo na kuwagawia vijana wake. Miezi michache iliyopita Joash alimwita Kavindu akampa habari kwa upole, kama anavyofanya mtu aliyekwisha kuamua. Siku hizi kompyuta zinaweza kuhesabu zenyewe nyimbo za studio, zile zinazopigwa na mashine, kwa hivyo mhesabu hahitajiki tena. Kilichozishinda kompyuta ni nyimbo za watu wanaoimba kwa pumzi zao wenyewe, bila ngoma ya kuwachunga. Wenye gemu walikuwa wanatafuta kwaya moja ya Kiafrika. Kavindu akiweza kuipimia kwaya hiyo wakakubali, anabaki, na kazi za aina hiyo zote zitakuwa zake. Wakikataa, mkataba unaisha mwisho wa mwezi.

Ndipo akaja Spring Valley Jumamosi moja asubuhi na mkungu mzima wa ndizi. Mtu wa ukoo wetu akija na mkungu mzima, ujue haji kusalimia.

"Anti, nimekuja kuomba wimbo."

"Wimbo gani?"

"Ule wenu wa kwaya. 'Nani Atafungua.' Ule wa kaseti."

Wimbo huo ni wangu. Niliutunga nikiwa mwalimu mkuu, nikaifundisha kwaya ya kanisa letu, na tukaurekodi zamani kaseti zilipokuwa bado na heshima. Hakuna kinanda ndani yake wala kayamba. Ni sauti tupu, nami nikiongoza kwa mkono. Wanawake wanauliza, "Nani atafungua mlango?" na besi inajibu, "Mimi hapa, Bwana." Katika besi hiyo alikuwa mume wangu, Mzee Muasya. Mabesi wengine walikuwa wawili, lakini hao kazi yao ilikuwa kufungua midomo.

"Utachezwa wapi?" nikauliza.

"Kwa simu."

"Na nani?"

"Watu wa kila aina. Wajapani, hasa."

"Wajapani sasa wanaokolewa kwa vidole?"

Hakucheka. Alikuwa akichuna ganda la ndizi ambayo hakuwa na nia ya kuila. "Anti, nikikosa hii, natoka. Na hakuna kitu ingine najua kufanya vile najua hii. Nimejaribu kufikiria. Hakuna."

Sasa hapo mtu ufanye nini? Daktari wa meno wa ukoo akipoteza kazi, atapata meno mengine. Nikakubali, lakini kwa sharti moja: jina la Mzee Muasya liandikwe kamili, na pasiwe na lolote ndani ya hiyo gemu la kumwaibisha.

Msomaji ambaye hakumjua mume wangu anahitaji kufahamu sharti hilo lilikuwa na uzito gani. Muasya alikuwa afisa mkubwa wizarani, na sifa yake kuu, katika nchi ambayo mkutano wa saa tatu huanza wageni wakishaanza kusinzia, ilikuwa ni kufika kwa wakati. Alifika ofisini kabla ya wafagiaji. Alifika mazishini kabla ya maiti. Siku tulipomzika yeye mwenyewe, wasemaji watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakatangaza kwamba marehemu hakuwahi kuchelewa hata mara moja maishani mwake. Najua vizuri kwamba walisema hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyewaandikia.

Jumanne nikashuka mjini kusimamia kazi. Sikuwa nimealikwa. Nilipanda ngazi zote nikiwa nimevaa kofia, nikamkuta Kavindu mbele ya kompyuta, hedifoni masikioni, macho ameyafumba, kidole kikigonga meza. Kwenye kioo palikuwa na picha ya wimbo wangu, milima na mabonde kama njia ya Machakos, na juu yake alikuwa akichora mistari, mmoja kwa kila kipimo. Alikuwa akigonga, anafumbua macho, anasogeza mstari kidogo sana, anarudi nyuma, anagonga tena. Nilifundisha muziki muda mrefu na sijawahi kuona mtu akirudia kitu kwa uvumilivu hivyo bila kuchapwa.

"Anti, kwaya yenu inakimbia," alisema aliponiona. "Ubeti wa kwanza mnatembea. Wa tatu mko mbio."

"Ilikuwa furaha ya wokovu."

"Sawa. Nimeipatia furaha yenu mwendo wake, kipimo kwa kipimo. Hiyo si shida." Akakwaruza kichwa. "Lakini hapa kuna noma kidogo. Hapa besi inapojibu."

Akanipa hedifoni, akapiga kipande kile huku mlio mdogo kama wa kijiko ukihesabu mapigo juu yake. Moja, mbili, tatu, nne. Wanawake wakauliza. Mlio ukafika moja. Kimya. Kisha, baadaye, kwa utulivu wa mtu anayeshuka kutoka kwenye gari la serikali, mume wangu akaingia: Mimi hapa, Bwana.

Joash alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. "Hapo besi imelala, Mama," akasema kwa uchangamfu. "Huyo mzee wa besi ni nani?"

"Ni mume wangu. Ni marehemu."

"Aki pole sana, Mama."

"Pole ya kufa au pole ya kuchelewa?"

Joash akakumbuka kwamba kuna mtu alikuwa akimngoja chumba kile kingine.

Mimi nilikuwa najua. Niliyesimama mbele ya kwaya ile ningekosaje kujua? Kila mwisho wa ubeti niliushusha mkono kwa ajili ya wote, kisha nikaushusha tena, kidogo, kwa ajili yake, na waumini wakadhani ni mtindo niliousomea. Jambo hilo lilikaa kati ya mkono wangu na besi yake, na hapo ndipo lilipostahili kukaa. Sasa lilikuwa linaelekea Japani.

"Msogeze," nikamwambia Kavindu.

"Anti?"

"Si unasogeza vitu hapo? Msogeze Mzee aingie kwenye mstari. Naamini mashine ya gharama hiyo haiwezi kushindwa na mtu mmoja."

Akafanya kama nilivyosema. Aliikata sauti ya besi, akaivuta nyuma hadi kwenye mstari, akapiga. Wanawake wakauliza nani atafungua mlango, na baada yao nikasikia neno moja tu: Bwana.

"Amekwenda wapi?"

"Yuko hapo hapo. Ameingia kwa wakati kabisa." Kavindu alionyesha kioo. "Lakini amefunikwa. Kuna mama mmoja hapa juu hajamaliza."

Hakuhitaji kunitajia jina. Kila kwaya ina Philister wake, na sisi tulikuwa naye mwenyewe, Philister halisi: sauti ya kwanza, mweka hazina wa chama cha akina mama, mwanamke ambaye akishika kitu, kiwe kiti cha mbele, kiwe kipaza sauti, hakiachi mpaka anyang'anywe. Wenzake walipofika mwisho wa "mlango" waliacha kama watu wastaarabu. Philister aliendelea na mlango peke yake, kana kwamba ameambiwa aufungue kwa sauti.

Nilikuwa bado nataabika na jambo hilo nilipoona Kavindu ameisogelea kompyuta hadi pua inakaribia kugusa kioo. Alimrudisha mume wangu mahali pake pa zamani. Akaenda mwisho wa ubeti wa pili. Akaenda wa tatu. Alikuwa anapitisha kidole pale mkia wa sauti ya Philister unapoishia.

"Anti, hebu ona. Hapa mama anaacha. Na hapa Mzee anaanza. Hapa tena, anaacha, anaanza." Akakimbilia ubeti wa nne. "Huu alikohoa akakatika mapema. Na Mzee pia anaingia mapema! Hachelewi huyu. Anamngoja amalize."

Nilikaa chini. Muasya katika maisha yetu yote hakuwahi kumkatiza mwanamke aliyekuwa akiongea. Baraza zima la wazee lilimcheka kwa hilo, na yeye aliendelea kungoja, mikono magotini. Nilijua alikuwa na adabu hiyo kwangu, na kwa mama yake, hata kwa mwanamke wa kutuletea maziwa. Sikujua kwamba aliitumia hadi kwa Philister.

Lakini mjane hakai chini muda mrefu. "Basi ni rahisi," nikasema. "Mkate Philister."

"Anti!"

"Kidogo tu. Hapo kwenye mkia. Aache pale wenzake walipoacha, na Mzee ataingia kwenye mstari bila kufunikwa na mtu. Hata yeye Philister hatasikia maumivu."

Kavindu alivua hedifoni. Tangu utoto huyu mtoto hajawahi kunijibu, na hata siku hiyo hakuinua sauti. "Nikimkata, haitakuwa kwaya yenu. Itakuwa kwaya ya mashine. Na ya mashine, mashine itajihesabia, mimi ni wa nini?" Akageukia kioo. "Halafu kosa si la huyo mama. Ni langu. Nilihesabu nne hapa kwa sababu vipimo vingine vyote ni nne. Hiki si nne. Hiki kinaisha akimaliza."

Akaushika ule mstari aliokuwa ameuchora, akausogeza mbele, taratibu, mpaka pumzi ya mwisho ya Philister. Kipimo kile kikawa kirefu kuliko ndugu zake. Akarudia kwa kila ubeti, kila kimoja kwa urefu wake, na ule wa kikohozi kwa ufupi wake. Kisha akapiga wimbo na kile kijiko chake. Wanawake wakauliza. Mlio ukangoja pamoja na mume wangu. Ukalia moja, naye akaingia pale pale, juu ya mstari, kama alivyoingia ofisini maisha yake yote: Mimi hapa, Bwana.

Ningefurahi zaidi kama nisingekuwa nimesoma. Aliyesoma huona bei ya kitu kabla hajakitia mkobani.

"Na wakati huo wote Philister anapojivuta," nikauliza, "mchezaji anafanya nini?"

"Anakuwa na kiduara kirefu. Anakibonyeza, anakishikilia mpaka sauti iishe."

"Kwa hivyo ili Mzee awe kwa wakati, lazima Philister apewe uwanja wake."

"Ndio, Anti."

"Uwanja wenyewe ukoje?"

Kavindu alisita. "Ni wa dhahabu. Unang'aa."

"Rangi haibadilishwi?"

"Rangi ni ya gemu."

Alikuwa ametoa mikono kwenye kompyuta, ameilaza mapajani, akingoja. Bila ruhusa yangu wimbo haungekwenda popote, na alijua ninavyompenda Philister. Niliona kucha zake. Alikuwa amezila zote hadi nyama. Nikafikiria chumba hiki bila yeye ndani yake, na yeye bila chumba hiki, akihesabu nne nne kwenye basi akienda kuomba kazi ya kuuza bima.

"Itume," nikasema, nikavaa kofia yangu.

Joash ndiye aliyekataa. Nilimsikia nikiwa mlangoni. "Kavindu, hawa watu watarudisha hii kitu. Vipimo viko shaghalabaghala. Weka nne, bana, tumalize."

"Ukiweka nne, mtu anagonga nne na besi haipo. Anaambiwa amekosea na hajakosea."

"Mkataba ni wako."

"Ndio. Ni wangu."

Akaituma kama ilivyo, na kweli ikarudi. Wenye gemu waliandika kwa heshima kubwa, heshima ya watu wanaosema hapana, kwamba pana makosa ya kuhesabu mwishoni mwa kila ubeti, yasahihishwe. Kavindu alinipigia simu kunieleza. Nilimuuliza atawajibu nini, nikiwa tayari nimefikiria barua ya kurasa mbili kuhusu adabu za Wakamba na upungufu wa elimu ya muziki duniani. Akasema hapana, asante, hatabishana. Alitengeneza wimbo mara mbili: mmoja wenye nne kila mahali kama walivyotaka, mwingine kama Mzee na Philister walivyotaka. Akawatumia zote mbili na ombi moja, wawape watu ambao hawajawahi kuusikia, wacheze tu, bila kuambiwa upi ni upi.

Siku za kungoja jibu alihamia kwangu, akala chakula changu na kugonga meza yangu ya mninga kwa kidole. Jibu lilikuja wiki ya mwisho ya mwezi. Wachezaji wao, watu wanaofanya kazi ya kucheza gemu, Mungu awalinde, walikuwa wamekwama kwenye wimbo wa nne nne kila besi ilipojibu, wote, wakilaumu vidole vyao. Kwenye ule mwingine walingoja bila kujua wanangoja, wakagusa pamoja na mume wangu. Wimbo ukakubaliwa na mkataba ukatiwa sahihi. Joash aliwaambia wote ofisini kwamba yeye tangu mwanzo alisema vipimo viachwe.

Hivyo ndivyo Kavindu alivyobaki na kazi yake. Sasa hivi anapimia kwaya ya akina mama kutoka Kitui ambao, anasema, hawamalizi ubeti bila kusalimiana. Nilitegemea mambo yatulie hapo.

Lakini Jumapili baada ya wimbo kutoka, tukiwa kwenye chai ya baada ya ibada, nilimwona Philister akija kwangu kwa mwendo wake wa kukusanya michango, simu imetangulia mbele kama taa.

"Mama Mwelu! Umeniona? Wajukuu wangu wanasema mimi ndiyo sehemu ngumu kushinda zote! Vijana wa ng'ambo wanashindwa nami!"

"Hata sisi wa hapa ulitushinda siku nyingi."

"Na ninang'aa!"

"Nimeambiwa."

Akina mama walikuwa wamejaa, vikombe mkononi. Philister akaamua kuwaonyesha. Alibonyeza, wimbo ukaanza, na sauti yake ya ujanani ikatoka kwenye ule mlango wake usioisha, na kile kiduara cha dhahabu kikanyooka kwenye kioo. Akakishika kwa kidole. Akakishika. Kisha, Philister yule yule, akachoka, akaachilia. Simu ikamwambia mbele ya chama chote cha akina mama kwamba ameachia mapema.

"Imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, Mama," alimwambia Kavindu, ambaye alikuwa nyuma yangu na andazi. "Ngoja tu mpaka uishe."

Akajaribu ubeti wa pili, akaachia tena. Akina mama walianza kutazama vikombe vyao. Nilikuwa na kila haki ya kunywa chai yangu na kutazama. Lakini nilijua kinachofuata pale kwenye wimbo, na mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mkia ule akingoja zamu yake, na sikutaka apitwe mara ya tatu kwa sababu ya kidole cha Philister. Ubeti wa tatu ulipofika, niliweka kikombe chini, nikaweka kidole changu juu ya chake, nikakibana pale pale kwenye dhahabu.

"Unaniumiza, Mama Mwelu."

"Nyamaza, umalize."

Sauti yake ikaenda, ikaenda, ikaisha yenyewe. Tukaachia pamoja, na mume wangu akaingia. Simu ikatusifu sote wawili kwa mpigo mmoja, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo, na Philister akasema turudie.